Herufi Ndogo kwa Mbegu ya Bibi

Mwaka niliokuwa kidato cha nne nilipatwa na ugonjwa wa kuchora miraba. Sizungumzii miraba ya hesabu. Hiyo mpaka leo inanipa usingizi. Nazungumzia mraba wa baiolojia wenye vyumba vinne, ambao mwalimu wetu aliuchora ubaoni asubuhi moja ya baridi ya Sumbawanga, nusu ya darasa tukiwa tumejifunga vitenge juu ya sweta. Juu unamweka baba, ubavuni unamweka mama. Kila mmoja anatoa nusu ya alichonacho. Halafu unaingia chumba hadi chumba na kusoma watoto watakavyokuwa, kabla hawajazaliwa. Kabla hawajazaliwa! Niligeuka kumtazama mwenzangu wa dawati nione kama naye amesikia. Alikuwa anachonga penseli.

Mraba huo una jina la mzungu fulani aliyeubuni, lakini sisi tuliuita nyumba ya vyumba vinne. Mwalimu alikuwa kijana aliyetoka chuoni mwaka huohuo, bado akiona aibu kuamkiwa shikamoo na wasichana waliomzidi urefu. Alitufundisha kwamba kila sifa ina herufi yake. Sifa yenye nguvu, inayojitokeza hata ikiwa peke yake, hupewa herufi kubwa. Sifa inayonyamaza ikikutana na mwenye nguvu hupewa herufi ndogo ya aina ileile. Ile ndogo haifi, alisema. Inajificha tu, na siku ikikutana na ndogo mwenzake inatoka nje. Mfano wake ulikuwa wa njegere za njano na za kijani.

Kuanzia siku ile nilikuwa sishikiki. Nilichora miraba kwenye majivu ya jikoni, kwenye vumbi la uwanja, na Mungu anisamehe, kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu cha nyimbo za misa. Nilimtabiria jogoo wetu vifaranga. Nilimtabiria rafiki yangu wanawe. "Ukiolewa na yule mshikaji wa Majengo mwenye masikio," nilimwambia, "robo ya wanao watasikia mpaka Kirando kule ziwani." Akasema, "Wewe, acha hizo bwana," lakini nilimwona tulipopita Majengo akiyakagua yale masikio upya.

Somo lilifundishwa kwa Kiingereza. Tukitoka darasani tulilijadili kwa Kiswahili, na nikifika nyumbani nililisimulia tena kwa Kifipa ili bibi alipate. Bibi alisikiliza yote na kuniuliza kama nimekula.

Kwetu ni Kizwite, pale nyumba zinapoishia na mashamba yanapoanza. Zilikuwa enzi za ruksa. Biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mwenye miguu akawa mfanyabiashara, na baba naye aliacha jembe akawa mtu wa dagaa, wiki nzima yuko ziwani. Nyumbani tukabaki bibi, mama yake baba, mama, mimi, na wadogo zangu wawili ambao kazi yao ilikuwa kula.

Mama alikuwa na mbegu. Nikisema mbegu namaanisha mahindi meupe, meupe hasa, punje pana zisizo na doa, ambayo bibi alikabidhiwa na mama yake mzazi siku alipotoka kwao kwenda kuolewa, akayabeba kwenye kikapu kidogo kichwani. Mama alipoolewa na baba, bibi akamkabidhi yeye. Kwa hiyo mbegu ile haikuwa mali ya mama. Alikuwa mlinzi wake tu, naye ni mkwe, na mkwe akiharibu kitu cha mama mkwe wake hapati pa kujificha.

Kila mwaka kabla ya mvua, parokiani kulikuwa na Jumapili ya kubariki mbegu. Akina mama walipeleka vikapu mbele ya altare: ulezi, maharage, mahindi. Kikapu cha mama kiliwekwa katikati. Misa ikiisha, wenzake wa jumuiya walikuja kumwomba kila mmoja konzi moja akachanganye na mbegu yake. Mama alikuwa mtu mpole, hana makuu, lakini Jumapili ile alitembea kama amevaa kiatu kipya.

Ng'ambo ya njia walikaa wafugaji waliokuja na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Mama wa nyumba ile alikuwa mrefu, mcheshi, mwenye kicheko kilichofika kwetu kabla yake. Kila jioni alituletea kibuyu cha maziwa mgando, na mama alikirudisha na ulezi au maharage. Hakuna aliyepima. Wao walipanda mahindi ya njano kidogo kwa ajili yao, upande wao, na kwa miaka mitatu hakuna aliyeona tatizo.

Sasa nifike kwenye dhambi yangu.

Majengo alikuwepo mtu aliyeuza bisi, kitu kigeni kwetu wakati ule. Alikuwa na sufuria nyeusi na mfuniko, anatia punje za njano, anatikisa, na zinalipuka humo ndani mpaka mfuniko unainuka. Mimi nilikuwa nimesimama pale nikipiga makofi kama mtoto, na nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita. Nilimbembeleza anipe punje mbichi. Alinifungia konzi kwenye kipande cha gazeti. Mvua zilipoanza, nikazipanda nyuma ya choo, nikapata mashina saba. Mama alikuwa na sheria moja tu ya shamba: mahindi mengine yasiingie. Lakini mimi nilijisemea kwamba haya si mahindi, ni bisi. Niliamini hivyo kwa moyo safi kabisa.

Bisi zangu zilistawi. Nilizivuna mapema mno, nikazitia kwenye sufuria nikiwa nimewaalika wadogo zangu kwa heshima zote, na hakuna iliyolipuka hata moja. Zilikaa pale zikaungua. Mabua nikawapelekea ng'ombe wa jirani, nikasahau.

Mwezi wa sita tukavuna. Tulikaa uwanjani tukimenya, bibi kwenye mkeka wake, mama kwenye kinu kilicholazwa, mimi nikipiga soga kuhusu njegere. Mama akamenya hindi moja na mkono wake ukasimama. Katikati ya punje nyeupe kulikuwa na njano. Mbili hapa, tano pale, kama mtu amepandikiza meno ya dhahabu. Akamenya lingine. Likawa safi. La tatu lilikuwa na njano kumi. Alilitazama hindi, akaligeuza, akainua macho taratibu na kutazama ng'ambo ya njia.

Jioni ile jirani alipoleta kibuyu, mama alikipokea, akamimina maziwa, akakirudisha kitupu. Kesho yake jirani alipopiga hodi, mama alikuwa ndani na hakuitika. Keshokutwa hakuja. Sisi tukaanza kunywa chai ya rangi, na wadogo zangu waliilia ile chai kana kwamba kuna msiba.

"Mwaka huu sipeleki mbegu kanisani," mama alisema. "Niende nikawagawie wenzangu nini? Njano?" Halafu akamgeukia bibi, akapiga goti kabisa. "Nisamehe, mama. Nimekuharibia."

Bibi alimwambia anyanyuke, magoti yanauma kwenye changarawe. Lakini usiku ule hakula.

Unaweza kudhani kwamba hapo niliingiwa na huzuni. Nilihuzunika, ndiyo, kumwona mama vile. Lakini nikisema ukweli wote, nilikuwa pia na furaha ya ajabu, furaha ya mtu aliyesomea kuzima moto na sasa nyumba imeshika. Mahindi yetu yamechanganyika damu! Nilikuwa na mraba!

Nikatwaa daftari. Mama wa watoto ni mahindi yetu. Baba ni njano ya jirani. Zilibaki herufi. Nikachagua N. Nani apewe kubwa? Wala sikufikiri. Mbegu ya mama yake bibi, iliyokuja kichwani kwa mtu, iliyobarikiwa miaka yote, utaiandika kwa herufi ndogo? Nyeupe nikaipa N kubwa, iliyonyooka, nikaikoleza wino. Njano nikaipa n ndogo, ya pembeni. Nikajaza vyumba vinne, nikasoma watoto: wote weupe.

Nikatazama hindi lenye njano. Nikatazama daftari. Nikajaza upya. Wote weupe.

Nilijaza mraba ule wiki nzima. Niliubadilisha, baba ubavuni na mama juu. Niliujaza kwa penseli, nikaujaza kwa kalamu nyekundu. Kwenye karatasi njano isingeweza kuonekana kabisa, na kwenye kapu ilikuwa inanichekea.

Shule ilipofunguliwa nilimfuata mwalimu mlangoni, hata salamu haijakamilika, nikamwonyesha. Akatazama mara moja tu.

"Nani alikuambia nyeupe ndiyo yenye nguvu?"

"Mwalimu, ni mbegu ya bibi yangu."

Alijaribu kujizuia akashindwa. Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Herufi kubwa si shikamoo," alisema. "Hatumpi kwa sababu ni mkubwa wetu. Anapewa anayejitokeza. Punje moja ikipata nyeupe kwa mama na njano kwa baba, umeiona ina rangi gani?"

"Njano."

"Basi?"

Akanieleza na jingine ambalo lilinifanya nisikie kizunguzungu. Kila unywele wa ndevu za hindi unakwenda kwenye punje moja. Unga wa mbelewele, ule uliopo juu ya bua, ukitua kwenye unywele ule, punje ile imepata baba. Kwa hiyo hindi moja ni mama mwenye watoto mia kadhaa, na kila mtoto anaweza kuwa na baba yake mwenyewe. Nilirudi Kizwite nikikimbia, daftari kichwani, nikipishana na watu bila kuamkia, na ninajua kwamba habari za utovu wangu wa adabu zilifika nyumbani kabla yangu.

Nilimkuta bibi peke yake, anaota jua. Nikachora mraba mkubwa mavumbini mbele ya mkeka wake, nikaweka punje halisi ndani ya vyumba, nikaandika herufi kwa kijiti. Bibi hakujua kusoma, lakini ukubwa aliujua.

"Hii kubwa ni nani?"

"Ni njano, bibi. Ya kigeni."

"Na hii iliyojikunyata?"

"Ni yetu. Ya mama yako."

Bibi aliziinamia herufi zile mbili. Nikaona nimekwisha.

"Kwa hiyo mgeni amekuja jana," alisema, "mkampa kiti. Mbegu ya mama yangu mkaikalisha chini."

"Bibi, ngoja. Bibi, sikiliza." Nilipiga magoti kwenye mavumbi, maneno yananitoka mbio, nusu Kifipa nusu Kiswahili. "Hii kubwa inaonekana hata ikiwa moja. Kwa hiyo inaweza kuficha. Ukiona punje ya njano hujui ndani kuna nini. Hizi zetu zote za njano zimebeba nyeupe tumboni. Lakini nyeupe haionekani mpaka ziwe mbili. Ukiiona nyeupe, basi ni nyeupe juu na nyeupe ndani, haina njano hata chembe. Bibi, unanielewa? Zile nyeupe zilizobaki kwenye mahindi ni zilezile. Za mama yako. Hazijaguswa! Tukizichambua na kuzipanda peke yake, zitazaa nyeupe tupu!"

Nilikuwa nimesimama sasa, nafikiri nilikuwa naruka. Ndiyo kwanza nilikuwa nakisikia mwenyewe nilichokuwa nakisema. Mbegu haijafa! Bibi alichukua punje moja nyeupe kutoka kwenye chumba chake, akaiviringisha kati ya vidole.

"Hii ni ndogo mbili," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Na huyu baba wa njano, alisimama wapi?"

"Kwa jirani," nilisema.

"Ya jirani yalichelewa." Bibi aliendelea kuviringisha. "Maksai wao walikuwa wanalimia watu. Yalipotoa mbelewele sisi tulikuwa tunachoma mabichi. Ndevu zetu zilikuwa zimeshakauka. Mimi sikwenda shule, lakini macho ninayo." Akaiweka punje mkekani. "Tena yenye njano nyingi niliyamenya mimi. Yalitoka mistari ya upande wa choo."

Kulikuwa na kuku anadonoa punje kwenye mraba wangu na sikumfukuza. Niliona mashina saba. Niliyaona vizuri kabisa, yakitikisika kwa upepo nyuma ya choo, yanamwaga unga wa njano juu ya shamba la mama, na mimi nimesimama pale nayasifia kwa kustawi. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Bibi," nilisema, "hivi bisi ni mahindi?"

Bibi alinitazama muda. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka bila sauti, kama kawaida yake, mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitenge, na alipopata pumzi alimwita mama.

Mama hakucheka. Nilimsimulia yote: gazeti, choo, mashina, mabua niliyowapa ng'ombe wa mtu yuleyule aliyekuwa anabebeshwa kosa. Alinisikiliza amesimama. Nilingoja kofi, na lingekuwa halali yangu. Badala yake alikaa chini kwenye kinu na kusema polepole, "Wiki hizi zote sijamwitikia jirani." Hapo ndipo furaha yote iliponitoka. Kwa mahindi niliyoharibu nilikuwa na mraba wa kuyatengeneza. Kwa lile jingine, la jirani, sikuwa na kitu.

Jumapili baada ya misa mama alijaza ulezi kwenye beseni, akanitwika. Tulivuka njia, mimi mbele yeye nyuma. Jirani alikuwa anasukasuka maziwa mlangoni. Alituona na hakucheka, na sijawahi kuona uso wa mcheshi ukiwa umefungwa vile.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba."

Mama alitangulia kabla sijafungua mdomo. "Nilikunyima salamu kwa kosa la mwanangu," alisema. "Nimekuja nalo, na yeye huyu hapa."

Nikaeleza. Nilifika mpaka kwenye bisi. Jirani alitazama beseni, akatazama mama.

"Dada, mimi nilijua mmechoka na harufu ya ng'ombe," alisema. "Nilimwambia mume wangu tusogeze zizi."

Mama alilia. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye misiba ya kwao. Jirani aliacha kibuyu, akaja akamshika mikono yote miwili, na kisha, kwa sababu hakuweza kukaa na uso wa aina ile muda mrefu, aliniuliza kama angalau zile bisi zilikuwa tamu. Nikasema hazikulipuka. Kicheko kile nina hakika kilisikika parokiani.

Kuchambua kulitushinda mwanzoni. Mahindi ya mbegu kwetu huning'inizwa juu ya jiko ili moshi ufukuze wadudu, na ya mama yalikuwa yameshakaa huko wiki kadhaa. Kila punje ilikuwa na rangi ya chai. Mimi mtaalamu nikachambua kapu zima kwa macho nikatangaza ni safi. Bibi akachukua punje moja, akaikwangua kichwani kwa ukucha, na chini ya moshi ikatoka njano. Kwa hiyo tukakwangua. Kila punje, moja moja, kwa kucha na kwa visu: mama, mimi, jirani na bibi aliyeshinda wote. Wadogo zangu walipewa kazi ya kukwangua wakazila. Vidole vilituuma siku nne na tulicheka siku zote nne.

Njano zilipojaa bakuli, jirani aliziomba. Nikamzuia, nikamchorea mraba. Hizi kila moja ina kubwa moja na ndogo moja, nilimwambia. Zikipandwa peke yake, zikioana zenyewe kwa zenyewe, robo ya punje zitarudi nyeupe.

"Kutoka kwenye njano hizi?"

"Kutoka kwenye hizohizo."

"Nitazipanda nyuma ya zizi, mbali na kila kitu," alisema. "Nataka nikuone unavyoaibika."

Mama hakutaka kubishana wala kuamini. Kikapu hakikwenda kanisani mwaka ule. Wenzake walipomuuliza aliwaambia mbegu yake inaumwa. "Nikiiona kwa macho yangu imepona, nitapeleka mwakani," aliniambia. "Isipopona, hiyo miraba yako uifutie ubao."

Nikafanya mtihani wa kidato cha nne. Kulikuwa na swali la mraba, na nililijibu kwa raha mpaka msimamizi akaniangalia vibaya kwa kutabasamu. Mvua zikaja, tukapanda nyeupe zetu. Matokeo ya shule yalitoka nimefaulu kuendelea na masomo, watu wakanipongeza, na mimi akili yangu yote ilikuwa kwenye mbelewele. Nilikagua nyuma ya choo kila asubuhi. Nilimkamata mdogo wangu mmoja na punje tatu za njano mfukoni nikampeleka kwa mama kama mhalifu. Jirani aliyachelewesha mahindi yake mengine kwa makusudi na kila akipita alitazama mahindi yetu akauliza, "Wakwe zangu hawajambo?"

Mwezi wa sita ukafika. Mama hakutaka tumenye pamoja. Alichukua hindi la kwanza kutoka mistari ya upande wa choo, akanipa mgongo, akamenya. Nilisikia maganda yakichanika. Halafu akachukua la pili. La tano. La kumi. Alikuwa anayaweka nyuma yake bila kugeuka, moja juu ya jingine, na yote yalikuwa meupe, meupe kama siku zote, meupe mpaka kwenye ncha. Bibi alianza kuyapanga kwenye mkeka. Mimi nilipiga kigelegele kibaya, maana sijawahi kukijua, na mama aligeuka na uso wake wa Jumapili ya mbegu.

Wakati tunarukaruka pale jirani alikuja, kibuyu mkono mmoja, hindi moja mkono mwingine, bado lina maganda. "Hili sijalifungua," alisema. "Nimekuja lifunguliwe mbele ya mashahidi." Akampa bibi.

Bibi alimenya taratibu. Hindi lilikuwa la njano, na katikati ya njano, hapa moja, pale mbili zimekaa pamoja, zilikuwepo nyeupe. Nilianza kuhesabu kwa sauti. Haikuwa robo kamili, ilikuwa karibu na robo, na jirani alikuwa anasema, "Hata mimi naona, hata mimi naona, kaa kimya," na mama ameshika mdomo.

Bibi hakuwa anahesabu. Alichomoa punje moja nyeupe kwa kidole gumba. Ilikuwa imefichwa ndani ya njano, imevuka njia kwenye bakuli la mtu mwingine, imelala mwaka mzima nyuma ya zizi. Akaikwangua kichwani kwa ukucha. Ikawa nyeupe ndani. Akaishika kiganjani, akaisogeza karibu na macho yake, na akaiambia kwa Kifipa maneno ambayo kila mtu kwetu humwambia aliyerudi kutoka mbali.

"Pole na safari, mama," alisema.

Akaiweka kwenye kikapu cha mbegu pamoja na nyingine. Kisha akaniita, akasawazisha vumbi kwa kiganja, na kuniomba nimfundishe kuiandika ile herufi ndogo.